Kupima thamani ya haki ya mali na madeni ya kifedha: mwongozo kwa mhasibu wa sacco na kampuni isiyo kubwa

Januari ikifika, maswali huwa yale yale. Mhasibu wa sacco Kakamega anauliza kama hisa za Safaricom ziandikwe kwa bei waliyonunulia. Wa Nakuru ana bondi ya serikali na hajui aiguse au aiache ilivyo. Wa Kisumu ameambiwa na mkaguzi alete thamani ya haki ya hisa za kampuni ya maziwa, na kampuni yenyewe haijawahi kuuza hata hisa moja kwa mtu wa nje. Nimechoka kujibu kipande kipande kwenye simu, kwa hiyo haya yote nimeyaweka mahali pamoja. Kama wewe ni mhasibu wa shirika kubwa lenye idara ya uwekezaji, mengi hapa unayajua.

Nadharia ni hii tu. Thamani ya haki ni bei ambayo ungepokea ukiuza mali, au ungelipa ili mwingine abebe deni lako, katika biashara ya kawaida isiyo ya kulazimishwa, kati ya watu wanaolijua soko, tarehe ile ile unayofungia hesabu. Ndivyo inavyosema IFRS 13, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kilichotolewa Mei 2011 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2013. Ni bei ya kutokea sokoni, si ya kuingilia. Mchuuzi aliyenunua mbuta Dunga alfajiri kwa shilingi 500, saa nne akikuta bei imeshuka hadi 380, samaki wake ni wa 380. Alilipa ngapi si hoja, wala mpango wake wa kumkausha amuuze wiki ijayo si hoja. Makosa mengi ninayoyaona yanatokana na mtu kusahau hilo na kuanza kutetea bei aliyolipa.

KABLA YA KUANZA

Usifungue Excel bado. Kusanya kwanza:

- Taarifa ya akaunti ya CDS (akaunti ya kielektroniki inayohifadhi hisa zako) kutoka kwa wakala wako wa hisa, ikionyesha idadi ya hisa tarehe ya mwisho wa mwaka.
- Taarifa ya DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kuhifadhi dhamana za serikali, ya bondi na hati za hazina ulizonunua Benki Kuu.
- Orodha ya bei za Soko la Hisa la Nairobi, NSE, ya siku ya mwisho ya biashara katika mwaka wako. Ichapishe uiweke kwenye faili. Ukiitafuta Aprili utasumbuka.
- Mikataba yote ya mikopo, ya kukopa na ya kukopesha, pamoja na ile ya mkurugenzi aliyewapa hela bila riba na mkaandikiana ukurasa mmoja.
- Hesabu zilizokaguliwa za kila kampuni binafsi mnayomiliki hisa zake, angalau za miaka mitatu.
- Muhtasari wa kikao cha halmashauri kinachoeleza kwa nini mliwekeza: kuuza, kungojea riba, au vyote viwili.
- Memo ya mwaka jana, kama ipo.

Ujue pia ni kitabu gani cha sheria kinachokuhusu. Kampuni binafsi isiyokusanya pesa za umma inaweza kutumia IFRS ya biashara ndogo na za kati. Toleo lake la tatu lilitoka Februari 2025, litaanza kutumika 1 Januari 2027, na sura ya 12 yote ni ya thamani ya haki. Sacco inayopokea amana ni habari nyingine. Inashika pesa za watu wengi kwa dhamana, kwa hiyo inafuata IFRS kamili. Hatua zilizo hapa chini nimeziandika kwa IFRS kamili. Wa biashara ndogo atapata njia ile ile, ila makaratasi yatakuwa machache.

HATUA YA 1: Tenganisha vinavyopimwa na visivyopimwa

Hapa ndipo wengi wanapoteza wiki nzima wakipima vitu visivyohitaji kupimwa. IFRS 9, iliyoanza kutumika 2018, inagawa mali za kifedha katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mali unayoishika ili ukusanye mtaji na riba tu: mikopo ya wanachama, amana za muda benki, bondi mnayokusudia kukaa nayo mpaka iive. Hizi hubaki kwa gharama inayorekebishwa kwa riba halisi (kiasi ulichotoa, ukiongeza riba na kuondoa malipo uliyopokea), ukitoa akiba ya mikopo mibaya. Thamani yake ya haki huenda kwenye noti (maelezo yanayoambatana na hesabu) peke yake, haiingii kwenye mizania.

Fungu la pili ni bondi na hati mnazoshika kwa nia mbili, kukusanya riba na kuuza mkihitaji fedha. Mizania inaonyesha thamani ya haki, na mabadiliko ya bei huenda kwenye mapato mengine kamilifu, nje ya faida na hasara.

Fungu la tatu ni kila kilichobaki. Hisa za kampuni huangukia hapa, na bei ikipanda au kushuka inagusa faida na hasara moja kwa moja. Kama hisa si za biashara ya kununua na kuuza, una ruhusa ya kuchagua siku ya kwanza kwamba mabadiliko yaende kwenye mapato mengine kamilifu. Uamuzi huo haurudishwi nyuma. Hata mkija kuuza kwa faida nono, faida hiyo haivuki kuingia kwenye faida na hasara. Gawio ndilo linaloingia.

Tahadhari: nia ya halmashauri lazima iwe imeandikwa, na matendo yafanane nayo. Sacco iliyosema inashika bondi mpaka mwisho, kisha ikauza tatu ndani ya mwaka mmoja ili kulipa gawio, itaulizwa maswali.

Madeni ni rahisi zaidi. Mkopo wa benki, wadai wa kawaida na amana za wanachama hubaki kwa gharama inayorekebishwa. Yanayopimwa kila mwaka ni mikataba ya bei za baadaye, kama ule wa kampuni ya maua Naivasha iliyofunga bei ya yuro mapema, na madeni machache ambayo kampuni yenyewe iliyachagua yapimwe hivyo.

HATUA YA 2: Funga tarehe na soko

Tarehe ni siku ya mwisho ya mwaka wako wa fedha. Kama soko lilikuwa limefungwa, chukua bei ya siku ya mwisho ya biashara kabla yake. Tarehe 31 Desemba 2023, kwa mfano, ilikuwa Jumapili, hivyo bei ya kutumia ni ya Ijumaa tarehe 29. Usivuke kwenda Januari. Bei ya Januari 10, hata ikupendeze vipi, ni habari ya mwaka mwingine.

Soko ni lile lenye biashara nyingi zaidi ya mali hiyo na ambalo wewe unaweza kulifikia. Kwa hisa zilizoorodheshwa Kenya ni NSE, basi. Kama hakuna soko kuu, chukua lile ambalo lingekupa bei nzuri zaidi.

HATUA YA 3: Panga kila kitu kwenye ngazi

IFRS 13 ina ngazi tatu, na mkaguzi ataziulizia kabla hajakaa.

Ngazi ya 1: bei ya soko lililo hai, ya mali ile ile hasa, bila kurekebishwa. Hisa za Safaricom, Equity au KCB zinazouzwa kila siku ziko hapa.

Ngazi ya 2: hakuna bei ya moja kwa moja, lakini vigezo vyake vinaonekana sokoni, kama riba za bondi nyingine za serikali zenye muda unaofanana na wa kwako.

Ngazi ya 3: kigezo muhimu kinatoka kichwani mwako, yaani ni makadirio. Hisa za kampuni binafsi karibu zote ziko hapa.

Kanuni ya kukumbuka: kinachoamua ngazi ni kigezo cha chini kabisa chenye uzito katika hesabu. Ukichukua vigezo vinne vya sokoni na kimoja cha kukadiria, na hicho kimoja kinasogeza jibu sana, umeshuka Ngazi ya 3.

Sasa mtego ambao watu wa huku Magharibi wanaujua kwa machungu. Hisa za Mumias Sugar ziliorodheshwa NSE mwaka 2001. Mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeiendesha kwa niaba ya wadai, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Vyeti bado viko kwenye kabati za watu wengi kuanzia Bungoma hadi Busia. Bei ya mwisho iliyoonekana kwenye ubao kabla ya kusimamishwa si Ngazi ya 1. Ni bei ya zamani ya soko ambalo halipo. Unatakiwa kuuliza mwenye hisa angepata nini leo baada ya wadai wote wa kampuni kulipwa, na mara nyingi jibu la uaminifu ni sifuri au karibu na sifuri. Kenya Airways nayo ilisimamishwa Julai 2020 na kurudi Januari 2025. Aliyefunga hesabu katikati ya miaka hiyo hakuwa na bei ya soko ya kunakili, hata kama tovuti ilionyesha nambari.

Kuna pia hisa zilizo kwenye ubao lakini haziuzwi. Limuru Tea inaweza kukaa muda mrefu bila hisa kubadilisha mikono. Tazama kiasi kilichouzwa, sio bei peke yake. Kama biashara ya mwisho ilikuwa wiki nyingi zilizopita, anza na bei hiyo lakini uifanyie kazi, na ueleze kwa nini umeiacha au umeirekebisha.

HATUA YA 4: Hisa zilizo sokoni

Hii ni fupi. Idadi ya hisa mara bei ya kufunga. Hisa 60,000 kwa bei ya mfano ya shilingi 20 ni shilingi 1,200,000. Umemaliza.

Usitoe ada ya wakala wala gharama nyingine za kuuza. Hazipunguzi thamani ya haki. Usitoe punguzo kwa sababu mna hisa nyingi na mkiziuza zote siku moja bei itaanguka. Kwa Ngazi ya 1 kiwango kinakataza kabisa. Na usiongeze chochote kwa sababu mwenyekiti anaamini bei itapanda baada ya uchaguzi.

Vipande vya mfuko wa pamoja wa uwekezaji hufuata mtindo huo huo: bei ya kipande kutoka kwa meneja wa mfuko, tarehe ile ile.

HATUA YA 5: Bondi

Kama bondi yako iliuzwa NSE siku hiyo au karibu nayo, na kwa wingi wa kutosha, chukua bei hiyo. Kama haikuuzwa, na bondi nyingi hupitisha siku bila kuuzwa, tafuta riba ya soko kwa muda uliobaki, kisha rudisha kila malipo kwenye thamani ya leo.

Tuseme sacco yako Kisumu ina bondi ya serikali ya shilingi 5,000,000, kuponi (riba ya bondi) ya asilimia 12 kwa mwaka inayolipwa kila miezi sita, na imebaki miaka miwili kamili. Kuponi ya jana imeshalipwa. Bondi nyingine za serikali zenye miaka miwili zinauzwa kwa riba ya asilimia 14. Basi nusu mwaka ni asilimia 7, na malipo yako manne yanakuwa hivi:

- Miezi 6: 300,000 ÷ 1.07 = 280,374
- Miezi 12: 300,000 ÷ 1.07 ÷ 1.07 = 262,032
- Miezi 18: gawa kwa 1.07 mara tatu = 244,889
- Miezi 24: 5,300,000, gawa kwa 1.07 mara nne = 4,043,345

Jumla ni shilingi 4,830,640. Serikali haijashindwa kulipa chochote na wewe hujakosa kuponi hata moja, lakini mtu wa kununua leo hatakupa milioni tano kwa karatasi inayolipa asilimia 12 wakati ya jirani inalipa 14. Hilo mweleze mweka hazina mapema, kabla hajaiona kwenye rasimu na kudhani umeiba.

Angalia pia kama jibu lina mantiki kabla ya kuliamini. Riba ya soko ikiwa juu ya kuponi, bei lazima iwe chini ya thamani ya uso, yaani ile milioni tano iliyoandikwa kwenye bondi. Ikiwa chini, bei iwe juu. Ukipata kinyume, kuna seli imekosewa.

Makosa mawili hapa hayaishi. La kwanza ni kutumia riba ya mwaka, asilimia 14, kwa malipo ya nusu mwaka. La pili ni kuhesabu riba iliyolimbikizwa mara mbili. Kama mwaka wako unaisha katikati ya kuponi mbili, bei uliyopata kwa kurudisha malipo yote ina riba ya miezi iliyopita ndani yake. Ukiweka tena riba hiyo kama mstari wa peke yake kwenye mizania, umeongeza mali hewa. Na bei inayotangazwa sokoni mara nyingi haina riba hiyo, kwa hiyo jua unalinganisha nini na nini.

HATUA YA 6: Hisa za kampuni isiyo sokoni

Hii ndiyo kazi yenyewe. Jipe siku kadhaa.

Kwanza, acha mazoea ya kuandika "kwa gharama, kwa kuwa thamani ya haki haipatikani". Mlango huo ulikuwepo zamani kwenye IAS 39, kiwango kilichotangulia IFRS 9. IFRS 9 ilibakiza dirisha dogo tu: gharama inaweza kuwa makadirio mazuri ya thamani ya haki pale ambapo habari mpya hazitoshi au makadirio yanatofautiana mno. Kampuni ambayo mna hesabu zake za miaka mitatu, inapata faida na inalipa gawio, haipiti kwenye dirisha hilo.

Kuna njia tatu za kawaida.

Ya kwanza ni biashara ya karibuni. Kama mwanahisa mwingine aliuza hisa zake miezi michache iliyopita kwa mtu asiye ndugu wala mkurugenzi, bei hiyo ni dhahabu. Uliza. Makatibu wa kampuni huwa na rejista na huwa hawaulizwi.

Ya pili ni kizidishi cha faida. Chukua mfano wa kampuni ya kusindika maziwa Nakuru, isiyo kwenye soko la hisa, yenye hisa 1,200,000, na nyinyi mna 40,000. Faida baada ya kodi ni shilingi 18,000,000. Umetazama kampuni zinazofanana zilizo sokoni, ukaona zinauzwa kwa kama mara 6 ya faida. Basi:

18,000,000 × 6 = 108,000,000

Hisa hizi hazina soko. Anayenunua leo anaweza kungoja miaka kabla ya kupata wa kumuuzia. Kwa hiyo mnunuzi angedai punguzo. Ukiweka asilimia 25 unabaki na 81,000,000, ambayo kwa hisa ni shilingi 67.50, na fungu lenu ni shilingi 2,700,000.

Ile 25 ndiyo itakayokusumbua. Naelewa kwa nini watu wanaikopa kwenye ripoti ya kampuni nyingine na kuibandika. Usifanye hivyo bila kuandika sababu. Nimeona kijana wa ukaguzi akifungua faili ya Excel ya mteja, akabofya seli yenye punguzo, akakuta nambari imechapwa tu: hakuna fomula, hakuna maoni, hakuna tarehe. Hakusema neno. Aliandika kwenye karatasi yake ya maswali, na swali hilo likazaa mengine kumi na moja. Sentensi tatu kando ya ile seli zingetosha: kampuni inalipa gawio au hailipi, katiba yake inazuia kuuza kwa wa nje au haizuii, na mara ya mwisho hisa kuuzwa ilikuwa lini.

Isafishe pia faida kabla ya kuizidisha. Kama mwaka huo kampuni iliuza kiwanja na faida ikaruka, kiwanja hicho hakitauzwa tena mwakani. Kitoe.

Ya tatu ni mali halisi, yaani mali zote kutoa madeni yote, kila kimoja kikiwa kwa thamani ya leo. Inafaa kampuni ya majengo au ya ardhi. Mali ya vitabuni peke yake haitoshi. Ploti iliyonunuliwa Milimani Kisumu miaka ya tisini bado inaweza kuwa kwenye vitabu kwa bei ya wakati huo.

Wa sacco wana hali moja maalum: hisa za Co-op Holdings. Hazimo NSE, lakini chama hicho cha ushirika ndicho kinachomiliki zaidi ya asilimia 60 ya Benki ya Ushirika, ambayo iko NSE tangu 2008. Kuanza na bei ya benki sokoni na kuitafsiri hadi fungu lako ni mwanzo mzuri kuliko kizidishi cha kubuni. Kisha ujiulize kuhusu vizuizi vya kuuza. Kizuizi kilichofungwa ndani ya hisa yenyewe, ambacho mnunuzi naye angerithi, kinapunguza thamani. Kizuizi mlichojiwekea nyinyi kwa azimio la kikao hakipunguzi chochote.

Ukipata jibu, lisukume juu na chini. Kwenye mfano wetu, kizidishi kikiwa 5 fungu lenu ni 2,250,000. Kikiwa 7 ni 3,150,000. Tofauti hiyo ya 450,000 kila upande lazima ionekane kwenye noti, na ni afadhali halmashauri iione kwako kwanza.

Usisahau kodi iliyoahirishwa, yaani ile mtakayolipa mkija kuuza. Faida ya mtaji kwa hisa za kampuni binafsi hutozwa asilimia 15 tangu Januari 2023, ilhali hisa zinazouzwa NSE zimesamehewa. Kama taasisi yenu haijasamehewa kodi hiyo, thamani ikipanda kwenye vitabu, kodi yake nayo ipande.

HATUA YA 7: Madeni

Swali ni hili: ungemlipa mtu mwingine kiasi gani ili achukue deni hili jinsi lilivyo, akiwa na uwezo wa kulipa sawa na wa kwako? Uwezekano wa wewe kushindwa kulipa umo ndani ya bei. Ndiyo maana kampuni yenye sifa mbaya ya kulipa inaweza kuona deni lake likishuka thamani, jambo linalowachekesha wakurugenzi kila mara. Kwa deni mlilochagua kulipima kwa thamani ya haki, sehemu ya mabadiliko inayotokana na sifa yenu wenyewe kwa kawaida huenda kwenye mapato mengine kamilifu, ili mtu asitangaze faida kwa kuwa anafilisika.

Kwa kampuni nyingi za huku, deni linalohitaji kazi ni ule mkopo wa mkurugenzi usio na riba. Tuseme amewapa shilingi 2,000,000, zirudishwe zote baada ya miaka mitatu, na benki ingewatoza asilimia 15. Siku ya kwanza deni huandikwa kwa 2,000,000 ÷ 1.15 ÷ 1.15 ÷ 1.15, yaani shilingi 1,315,032. Zile 684,968 zilizobaki, kama ametoa kwa nafasi yake ya mwenye kampuni, ni mchango wake kwenye mtaji. Kisha kila mwaka unaongeza riba: 197,255 mwaka wa kwanza, 226,843 wa pili, 260,870 wa tatu, na deni linafika milioni mbili siku ya kulipa.

Lakini soma mkataba. Kama unasema anaweza kudai siku yoyote, hakuna kupunguza. Deni linabaki 2,000,000 kwa sababu kiwango hakiruhusu deni la kudaiwa wakati wowote kushuka chini ya kiasi kinachoweza kudaiwa. Sheria hiyo hiyo inagusa akaunti za FOSA, yaani za huduma za kibenki za sacco, ambazo mwanachama anatoa pesa akitaka.

HATUA YA 8: Memo na noti

Memo ya kurasa mbili kwa kila mali ya Ngazi ya 3: ni nini, tarehe, njia uliyotumia na kwa nini si nyingine, vigezo na vilikotoka, nani alihesabu, nani alipitia. Aliyepitia asiwe aliyehesabu. Itiwe sahihi kabla mkaguzi hajafika, maana memo yenye tarehe ya baada ya swali la mkaguzi haina nguvu.

Kwenye noti weka jedwali la ngazi tatu, mlinganisho wa Ngazi ya 3 kutoka mwanzo hadi mwisho wa mwaka (ulichonunua, ulichouza, kilichopanda, kilichohama ngazi), vigezo ulivyokadiria na athari ya kuvibadilisha. Kwa wadai na wadaiwa wa muda mfupi huhitaji hesabu yoyote. Sema tu kwamba kiasi kilicho vitabuni kinakaribiana na thamani ya haki.

IKIKWAMA

Hakuna kampuni inayofanana na yetu NSE. Ni kweli kwa biashara nyingi za huku. Tumia ya karibu, kisha urekebishe kwa ukubwa na ukuaji, au hamia kwenye makadirio ya fedha zitakazoingia na kuzirudisha thamani ya leo. Kama mlinunua hisa hizo hivi karibuni kwa bei ya haki, pima njia yako kwa bei hiyo kwanza: ikishindwa kuleta bei mliyolipa siku ile, rekebisha vigezo mpaka ilete, ndipo uitumie mwisho wa mwaka.

Kampuni imekataa kutupa hesabu. Andika barua rasmi kama mwanahisa na uweke nakala. Zikikosekana kabisa, tumia mlichonacho, kama gawio la miaka iliyopita au hesabu za zamani, na punguzo liwe kubwa zaidi kwa kuwa mnunuzi naye angenunua gizani.

Bei ilianguka Desemba na halmashauri inasema soko limechanganyikiwa. Bei kushuka hakufanyi soko kuwa la kulazimishwa. Biashara ya kulazimishwa ni ya muuzaji mahususi aliyebanwa, kwa mfano anayefilisiwa na kupewa siku mbili. Kama watu wa kawaida walikuwa wakinunua na kuuza, bei hiyo ndiyo yako.

Wakala na tovuti vinatoa bei tofauti. Tazama tarehe kwanza, mara nyingi ndipo ilipo shida. Kisha angalia kama moja ni bei ya wastani wa siku na nyingine ya biashara ya mwisho. Chagua chanzo kimoja na ukitumie kila mwaka.

Jumla ya Excel haifanani na ya mkaguzi kwa shilingi chache. Ni makadirio ya desimali. Kwa maelfu, angalia idadi ya siku hadi kuponi ijayo.

Mkaguzi mpya anataka njia tofauti na ya mwaka jana. Inaruhusiwa kubadili, mradi njia mpya inaleta makadirio bora au yaliyo sawa kwa ubora. Mabadiliko hayo ni ya makadirio, kwa hiyo huanza mwaka huu kwenda mbele. Hesabu za mwaka jana usiziguse, isipokuwa kama zilikuwa na kosa, na hapo mwambie alitaje kosa lenyewe kwa maandishi.